Oili chini ya kempa ya zamani: kutafuta inakovuja na kusoma kazi za mafundi waliotangulia

Giaboksi ya kempa yangu imeshushwa mara mbili kwa ajili ya oili sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, na mara zote mbili sili haikuwa na kosa. Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75 ya 1994, bodi ndefu yenye kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, iliyoletwa na wasafiri kutoka Ulaya ikaishia kuuzwa Arusha. Kila asubuhi lilikuwa linaacha tone moja chini ya nyumba ya klachi. Fundi wa kwanza alipoliona tone lilipo akasema sili ya nyuma imekwisha. Wa pili akasema wa kwanza alifunga vibaya. Wa tatu, mzee mmoja asiyependa maneno, akaingiza mkono nyuma ya injini kwa juu, akaupitisha kwenye kona ya kava ya tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, akautoa umeloa. Oili ilianzia pale, ikateremka mgongoni mwa injini, ikaizunguka nyumba ya klachi na kutona pale pale ambapo sili mbovu ingetonea.

Kona hiyo ilikuwa inavuja kwa sababu kuna mtu, miaka mingi nyuma, alikaza bolti za kava kwa nguvu mpaka bati likapinda. Yaani uzee wa injini haukuhusika kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mafundi waliokutangulia, na spana zinakuja baadaye.

Mifano mingi ni ya injini ya 1HZ: dizeli ya silinda sita, cc 4,164, iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990, kwa kuwa ndiyo ninayoijua na ndiyo iliyo chini ya kempa nyingi zinazozunguka huku. Mwenye Hiace atafuata hatua zile zile, ila yeye injini anaifikia kwa kufunua kiti.

Kabla ya kuingia chini

Kempa ni nzito kuliko gari lililotoka kiwandani na umbo lile lile. Lita 60 za maji ni kilo 60, bado makabati, betri ya pili, hema la juu na mizigo. Usiingie chini yake ikiwa juu ya jeki peke yake. Weka stendi imara chini ya ekseli au chesisi, tia vigingi kwenye magurudumu, kisha lisukume kwa bega. Likitikisika, anza upya.

Funga mtungi wa gesi na uutoe kabisa nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka na kutulia chini, na huko ndiko utakakokuwa umelala na tambara lenye petroli na taa ya waya. Kwenye Hiace angalia pia sponji iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha injini. Ikiwa imenyonya oili, ing'oe na uitupe leo, hata kama hujajua oili inatoka wapi, kwa sababu iko karibu na ekzosi na juu yake kuna watu wanalala.

Hakikisha ni oili ya injini

Tandika boksi jeupe chini ya gari usiku, weka alama ya gurudumu la mbele ili asubuhi ujue tone limeanguka usawa wa nini. Kisha tumia pua. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii na harufu yake ni ya moshi. Mafuta ya gia yananuka kiberiti, harufu isiyosahaulika. Mekundu ni ya usukani au giaboksi ya otomatiki. Maji ya breki hayana weusi na yanakula rangi ya gari, na ukiyakuta acha kila kitu kingine ushughulike nayo kwanza. Dizeli inakauka na kuacha eneo safi lililong'aa katikati ya uchafu.

Pima stiki ya oili gari likiwa sehemu tambarare, injini imezimwa dakika kumi. Hapa kuna jambo linalowapita wengi: kiwango kikiwa *kinapanda* wakati gari linavuja, nusa stiki. Kwenye injini ambazo nozeli pampu (pampu ya kusukuma dizeli) inazungushwa na gia, sili ya mbele ya pampu ikifa dizeli huingia ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Oili inakuwa nyepesi kama maji, inapenya kila sili, nawe unaanza kubadilisha gasketi moja baada ya nyingine huku beringi zinasagika. Oili yenye harufu ya dizeli imwage kabla hujawasha tena.

Na stiki yenyewe usiiamini kabla hujaijaribu. Magari haya yamebadilishwa injini, sampo (bakuli la oili chini ya injini), hata stiki. Siku ya kumwaga oili, badilisha filta, jaza kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, washa kidogo, zima, subiri, kisha soma. Kama inakuonyesha umezidisha au umepunguza sana, hiyo stiki ni ya injini nyingine. Nimeona kempa iliyovuja miaka kwa sababu tu ilikuwa inajazwa lita moja zaidi kila mara.

Usioshe kwanza

Karibu kila mtu atakwambia uanze kwa kuosha injini. Mimi nasema subiri siku moja. Uchafu ule ni maandishi, na ukishaosha umeyafuta. Chukua simu, piga picha kila upande, na pale jicho lisipofika ingiza simu ikiwa inarekodi video na taa imewashwa. Kioo kidogo cha kujipodolea nacho ni kifaa halali kabisa cha gereji.

Vumbi la barabara zetu linasaidia. Likikutana na oili ya zamani huganda kuwa ukoko mgumu kama wa ugali, na oili mpya inayopita juu yake huacha mfereji mweusi unaong'aa. Fuata mfereji kwenda juu. Oili hushuka kwa uzito wake na upepo wa safari huisukuma nyuma, kwa hiyo chanzo ni sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyoloa. Panapotona huwa ni mwisho wa safari tu.

Ukikuta injini safi inayong'aa kwenye gari la miaka 30 linalouzwa, uliza kwa nini. Muuzaji akikubali ulizungushe saa nzima na kisha uangalie tena, vizuri. Akikataa, umepata jibu.

Kusoma mikono iliyopita

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko kwingine kote.

Anza na silikoni, gundi ya kuzibia maungio. Angalia rangi yake inapochungulia kwenye maungio: nyekundu, bluu, nyeusi, kijivu. Rangi tatu kwenye injini moja ni mafundi watatu, au fundi mmoja kwa nyakati tatu. Toyota wenyewe hutumia gundi badala ya gasketi kwenye sampo nyingi, kwa hiyo gundi peke yake haina kosa. Kosa ni wingi. Silikoni iliyofurika nje kwa unene wa kidole imefurika na ndani kiasi hicho hicho, na ya ndani ndiyo inayoua. Niliposhusha sampo yangu, chujio la pampu ya oili lilikuwa na vipande vyekundu vilivyojikunja kama minyoo, vimeziba karibu theluthi ya wavu. Vikizidi, presha ya oili inashuka na krenki inakosa chakula, na hakuna tone hata moja chini la kukuonya.

Angalia vichwa vya bolti. Vilivyoviringika kona vimefunguliwa na spana isiyo saizi yake. Bolti moja mpya kati ya kumi na tano za zamani maana yake ya asili ilikatika au ilipotea, na huenda uzi wa ndani umeharibika. Plagi ya kumwagia oili iliyopakwa silikoni au kufungwa tepu nyeupe kwa kawaida ina uzi uliovuliwa. Hiyo usiikaze zaidi. Peleka kwa mtu wa kutengeneza uzi upya, kwa sababu siku itakayodondoka itadondoka na oili yote.

Tafuta turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini) iliyoongezwa. 1HZ ilitoka kiwandani bila turbo, ila wasafiri wengi waliifunga baadaye ili kupanda milima na mzigo. Turbo inahitaji bomba la kuleta oili na bomba pana la kuirudisha kwenye sampo, na hilo la kurudi wakati mwingine limechomelewa kienyeji. Likibanwa au likipinda, oili hushindwa kushuka na kutokea kwenye turbo yenyewe.

Angalia mpira wa kupumulia injini, ule unaotoka kwenye kava ya tapeti kwenda kwenye bomba la hewa. Ukiukuta umechomolewa na kuelekezwa chini kwenye chesisi, kuna mtu alikuwa anaficha kitu. Nitaurudia hapo chini.

Halafu makaratasi. Kempa zilizotoka Ujerumani mara nyingi huja na faili nene la risiti na hakuna anayelifungua kwa sababu ya lugha. Lifungue. Maneno machache yanatosha: Ölwechsel ni kubadilisha oili, Dichtung ni gasketi, Simmerring ni oili sili, Zahnriemen ni belti ya taiming, Zylinderkopfdichtung ni gasketi ya silinda hedi. Ukikuta hilo la mwisho, tafuta tarehe na kilomita, kwani injini iliwahi kufunguliwa na huenda iliwahi kuchemka. Mstari mmoja wa Simmerring wa miaka mitatu iliyopita ungeniokolea giaboksi ya kwanza kushushwa. Ulikuwepo kwenye faili. Sikuusoma.

Pima pumzi ya injini

Kabla ya kununua sili hata moja, hakikisha injini haizisukumi nje. Pistoni na ringi zikichakaa, gesi ya mlipuko hupenya kwenda kwenye sampo. Kama njia ya kupumulia imeziba, presha hutafuta mlango mwingine, na mlango ni sili yoyote iliyo dhaifu. Utabadilisha ya mbele, itavuja ya nyuma.

Endesha gari mpaka lipate moto vizuri, liache silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze juu chini ukiweke juu ya tundu bila kukaza. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo kama treni, chomoa mpira wa kupumulia, uuoshe kwa mafuta ya taa, upulize kwa mdomo uone kama hewa inapita, urudishe na ujaribu tena. Mara nyingi, tena mara nyingi sana kwenye kempa iliyokaa imepaki miezi, ni mpira ulioziba au kuharibika kwa ndani tu. Kama hali haijabadilika, nenda injini ikapimwe kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda) kwa geji ya dizeli. Silinda moja ikiwa chini mbali na wenzake, pesa ya sili itunze kwa kazi kubwa zaidi.

Sasa osha, kisha pakaza poda

Funika alteneta na bomba la hewa kwa mifuko. Kwangua ukoko kwa kijiti cha mti, paka mafuta ya taa au sabuni ya injini, acha ilainike, osha kwa maji ya kawaida injini ikiwa imepoa. Kausha kwa upepo au jua la mchana mzima.

Kisha nyunyiza poda ya watoto kwenye maungio yote unayoyashuku: chini ya kava ya tapeti, kuzunguka filta, nyuma ya injini, ukingo wa sampo. Zunguka kilomita 10 hadi 15 barabara ya lami, rudi, ingia na tochi. Penye kovu jeusi juu ya weupe ndipo. Kama ni la kujificha, zunguka tena. Nilihitaji safari tatu, na majirani waliamini nimeanza kumpaka gari poda kwa mapenzi.

Kuziba, kutoka juu kushuka

Usirekebishe chini wakati juu kunavuja. Fanya moja, safisha, subiri siku kadhaa.

*Kava ya tapeti.* Ivue, iweke kwenye kioo au meza tambarare uone inapocheza. Ukingo uliopinda kuzunguka matundu ya bolti unanyooshwa kwa kugonga taratibu juu ya kipande cha mbao. Gasketi ya mpira iliyokakamaa kama plastiki haina dawa, weka mpya. Inakaa kavu, bila silikoni, isipokuwa tone dogo kwenye kona ambako vyuma viwili vinakutana. Bolti ndogo zenye uzi wa milimita 6, zile za spana namba 10, huhitaji kama Nm 10 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukishika spana kwa vidole viwili karibu na kichwa, huwezi kuharibu.

*Swichi ya presha ya oili.* Kitu kidogo cha bei ndogo chenye waya mmoja, ambacho kikizeeka oili hupenya katikati yake na kutokea kwenye waya. Chomoa waya. Ukiwa na oili ndani ya soketi, umemaliza utafiti.

*Filta.* Hapa kosa ni moja na linarudiwa kila mwaka: mpira wa filta ya zamani umebaki umeng'ang'ania kwenye injini, mpya ikafungwa juu yake. Mipira miwili hutulia siku mbili tatu, kisha presha inausukuma nje na oili inamwagika kwa lita. Pitisha kidole kwenye duara kila unapobadilisha.

*Kipozeo cha oili.* Kiko ubavuni mwa injini na kina gasketi zake. Kikivuja kwa ndani, oili huingia kwenye maji, kwa sababu injini ikiwa inafanya kazi presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji. Kwa hiyo ukikuta rojo la kahawia kwenye rejeta ilhali stiki ni safi, usikimbilie kufungua silinda hedi. Kipozeo ndicho cha kuangalia kwanza.

*Sili za mbele.* Sili ya kemshafti (mhimili unaofungua valvu) iko nyuma ya kava ya belti, na oili yake huangukia belti ya taiming. Mpira haupendi oili. Belti iliyoloa ibadilishe bila kujali imetembea kilomita ngapi, na bila kujali taa ya T-BELT kwenye dashibodi, ile ya kukumbusha kubadilisha belti, inasema nini, kwani namba inayotumika zaidi ni kilomita 100,000, lakini taa ile inazimwa bila belti kuguswa, na wengine walitoa balbu tu. Ukishafungua hapo, badilisha sili zote zilizo mbele yako.

*Sampo.* Kwangua gundi ya zamani yote, pande zote mbili, bila kuchimba chuma. Futa kwa petroli mpaka tambara litoke safi. Safisha chujio la pampu. Mkanda wa gundi mpya uwe na unene wa milimita 2 hadi 3, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti, usikatike. Funga kabla haijaanza kukauka, kaza kwa mpangilio wa kuvuka, na ukimaliza ondoka. Usijaze oili mpaka kesho. Haraka ya jioni ile ile ndiyo inayowarudisha watu gereji.

*Sili ya nyuma ya krenki.* Ya mwisho, baada ya zote kuthibitika kavu. Giaboksi ikishuka, nusa ukuta wa ndani wa nyumba ya klachi: kiberiti ni sili ya giaboksi, moshi ni ya injini. Badilisha zote mbili pamoja na beringi za klachi, maana kazi ya kushusha ni ile ile. Pitisha ukucha kwenye krenki pale mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukinasa, kuna mfereji, na sili mpya ikikaa pale pale itavuja kama ya zamani. Ikalishe milimita moja au mbili ndani au nje zaidi, ili mdomo ukutane na chuma laini. Paka oili mdomo wa sili, isukume sawasawa pande zote kwa kutumia sili ya zamani kama kikalio, usigonge upande mmoja. Sahani ya klachi iliyolowa oili huwa haiponi kwa kuosha. Itakuteleza kwenye mlima wa kwanza.

Kuhusu dawa za kumimina za kuzuia kuvuja: zinavimbisha mpira, basi. Bati lililopinda au uzi uliovuliwa hazivigusi. Nikiwa Seronera, katikati ya hifadhi ya Serengeti, na gari linatona, ningemimina ili nifike nyumbani. Nyumbani ningefungua.

Baada ya hapo

Rudia poda baada ya kilomita 500, hasa ukipita barabara zenye mawimbi kama ile ya kutoka Naabi Hill kwenda Seronera, ambayo hulegeza hata bolti zilizofungwa na mtu makini. Angalia pia raba za kukalia injini. Zikikatika, injini inacheza na mabomba ya oili yanachoka.

Unyevunyevu usiotona niliamua kuuacha. Kinachonishughulisha ni kiasi kinachopotea: napima, naandika. Viwanda vingi huhesabu hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa bado ni matumizi ya kawaida, ingawa kwa injini hii mimi ningeanza kutafuta sababu kabla ya nusu ya hapo. Oili chafu naiweka kwenye dumu na kuipeleka kwa wanaoikusanya, siimwagi kwenye nyasi za kambi.

Kila kazi naiandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa kabati la nguo: tarehe, kilomita, sehemu iliyofunguliwa, rangi ya gundi niliyotumia. Mstari wa juu kabisa unasema: "Kava ya tapeti, kona ya nyuma kulia. Sili ya nyuma ni nzima, usiishushie giaboksi."